Zawadi za Krismasi na betri ya duara
Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kuwatafutia wanangu zawadi za Krismasi, nikarudi na vitu vichache kuliko nilivyokusudia. Gari moja dogo la kuwaka taa lilinivutia mno, hadi nilipoligeuza na kuona kwamba kifuniko cha betri hakina skrubu, kinafunguka kwa ukucha tu, na ndani yake mna betri ya duara, bapa, inayong'aa kama sarafu. Betri ya aina hiyo ikikwama kwenye umio wa mtoto, umeme wake huweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, hata ikiwa haina tena nguvu ya kuwasha taa. Muuzaji alicheka: "Mama, mbona wenzako wananunua?" Nikamrudishia. Kitinda mimba wangu ana mwaka mmoja na nusu, na kila anachookota hupitia mdomoni kwanza.

Mwishowe nilimchukulia mwanasesere wa kitambaa ambaye macho yake yametariziwa kwa uzi badala ya kushonewa vifungo, nikamvuta mikono na miguu papo hapo dukani kuhakikisha kwamba mshono haufumuki. Mkubwa, mwenye miaka 8, nilimnunulia kamba ya kuruka. Gari lile bado analiulizia, kwa kuwa nilifanya kosa la kwenda naye.