Nilivyoandaa wikiendi ya muziki bila spika kwenye shamba la zamani

Kitu cha kwanza kabisa mwenye shamba aliniambia, hata hatujakaa, ni kwamba hakuna msumari hata mmoja utakaopigwa kwenye boriti za ghala lake. Sio msumari, sio skrubu, sio pini ya kutundikia taa. Akanishika mkono akanipeleka mpaka nguzo ya katikati, akaniwekea kidole changu kwenye alama za shoka, yaani unaona kabisa fundi alivyokuwa anachonga lile gogo, pigo kwa pigo, na viungo vyote vimeshikana kwa vigingi vya mbao tu hakuna chuma. "Mimi nimeikuta hii imesimama," akasema, "na nataka niiache imesimama." Nikamwambia mzee nimekuelewa. Akaongeza mengine: hakuna moto wala mshumaa karibu na nyasi kavu, magari yanabaki nje ya geti maana udongo wa ndani ni laini, na viota vya mbayuwayu kule juu visiguswe. Umeme upo lakini waya ni za zamani, zinabeba balbu chache basi.

Sasa mimi nilikuwa tayari nimeamua muziki utakuwa mkavu, gitaa, fidla, banjo, sauti ya mtu, hakuna maiki hakuna spika. Lakini wenzangu wawili niliokuwa naandaa nao walikuwa hawajakubali. Mmoja akasema tutafute hata amplifaya mbili za betri tuweke pembeni kwa ajili ya dharura. Namuelewa, yeye alishawahi kupiga sehemu watu wa nyuma wakaanza kupiga stori zao kwa sababu hawasikii, na inauma sana ile. Ila mimi niliona tukishaweka spika moja tu basi mwenye gitaa jirani naye ataomba, halafu fidla ataomba, na mwisho tumeshakuwa na tamasha kama mengine yote, na kile kitu nilichokitaka, cha kumsikia mtu anavuta pumzi kabla hajaanza kuimba, kimepotea.

Tukaacha kubishana tukaenda kupima. Jumamosi moja, wiki tano kabla, tulienda watatu na gitaa moja. Mmoja anapiga, mmoja anaimba kawaida, mimi natembea. Kwenye uwanja wa nje hali ilikuwa mbaya, na sio ajabu, sehemu ya wazi kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na hakuna ukuta wa kuirudisha. Mita nne nasikia kila neno, mita nane nasikia wimbo, mita kumi na sita na kaupepo kadogo nasikia mtu anaimba lakini sijui anaimba nini. Ndani ya ghala ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Tulianza na mwimbaji kwenye ule upande mfupi mwisho wa ghala, kama watu wote wanavyoweka jukwaa, tukaona sauti inapanda juu kwenye paa inapotelea huko. Tukamhamisha akasimama katikati ya ukuta mrefu, mgongo karibu na mbao, na watu tukawapanga kichwani kwa nusu duara. Hapo mtu wa mbali kabisa anakuwa kama mita saba tu. Na yale matita ya nyasi kavu, ambayo sisi tulifikiria tuyafanye mandhari nzuri nyuma ya mwanamuziki, tukagundua yanameza sauti kama sifongo, kwa hiyo yakahamia nyuma ya wasikilizaji, kule ambako kweli unataka mwangwi ufe. Kazi ya kupanga watu na nyasi ndiyo iliyobeba shughuli nzima, sikutegemea.

Njiani tukirudi yule wa amplifaya akasema basi, tujaribu hivyo.

Watu wa zamani walishahangaika na hili hili jamani. Kabla ya magitaa ya umeme watengenezaji walikuwa wanatafuta kelele kwa kila njia. Kampuni ya Martin mwaka 1916 walitengeneza yale magitaa yenye tumbo kubwa yanayoitwa dreadnought, na miaka ya 1920 John Dopyera akabuni gitaa la rezoneta lenye koni za alumini ndani, zinatetemeka kama koni ya spika ila hazina umeme. Ijumaa jioni mmoja wa waliokuja alikuwa na rezoneta, akaliegemeza kwenye nguzo, nikaomba niliguse. Ukipiga uzi mmoja tu unausikia mpaka kwenye mbavu zako.

Ijumaa ndiyo nilipata somo la kwanza. Niliwaza watu wakifika watakaa duara moja, watapiga, watafahamiana. Walikaa duara moja kweli, watu kama ishirini na tano, kumi na saba kati yao wana magitaa, na wote wanapiga kodi zile zile, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa nguvu zile zile, na dada mmoja aliyekuwa anaimba nikaona mdomo tu unafungua na kufunga. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mtu alikuwa hajisikii mwenyewe kwa hiyo anaongeza, na jirani naye anaongeza. Nikasimamisha. Nilikuwa naogopa kuonekana mnoko lakini nikasimamisha, nikaomba tugawanyike duara tatu, moja ghalani, moja chini ya mti, moja kwenye kibaraza, na nikasema kitu kimoja tu: kama husikii maneno ya anayeimba, wewe ndiye unayepiga kwa nguvu. Na anayeanzisha wimbo ndiye anataja kii, yaani noti ambayo wimbo unasimamia, na mwendo, wengine tunamfuata hata kama umeuzoea kivingine. Dakika kumi baadaye duara la chini ya mti lilikuwa limetulia kiasi kwamba nasikia kucha za mpiga banjo zikigusa ngozi iliyowambwa kwenye banjo lake.

Banjo lenyewe nalo lilisumbua usiku ule ule. Lilikuwa lile la ngozi halisi, sio plastiki, na umande ulipoanza kushuka ngozi ikalegea sauti ikawa kama unapiga mto. Mwenyewe hakushangaa, akasema chombo hiki asili yake ni mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo, na kwao vyombo vya namna hii vilikuwa vinatengenezwa kwa kibuyu na ngozi, kwa hiyo ngozi na unyevu ni vita ya zamani. Akaingia ndani kwenye ukavu, akakaza skrubu za pembeni kidogo kidogo huku anagonga kwa kidole kila upande mpaka ikalingana. Aliniruhusu niweke sikio karibu. Unasikia kabisa upande mmoja uko chini upande mwingine uko juu, halafu taratibu vinakutana.

Jambo jingine la Ijumaa, duara la kibarazani lilikuwa linasikika chungu, wote wametyuni, yaani wameweka nyuzi sawa, tyuna (vile vifaa vya kupima sauti ya uzi) zinaonyesha kijani, lakini wakipiga pamoja kuna kitu kinakwaruza. Tulihangaika karibu nusu saa. Mwisho kijana mmoja akagundua ni kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja. Kodiani haityuniwi pale pale, ina vibati vya chuma ndani na ilivyotoka kwa fundi ndivyo ilivyo, na nyingi hutyuniwa juu kidogo. Tyuna zetu zote zilikuwa kwenye noti ya A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kile kipimo kilichopendekezwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939, na kodiani yetu ilikuwa kwenye 442. Tofauti ndogo sana lakini sikio halidanganyiki. Kwa hiyo wote wakabadilisha tyuna zao zikawa 442 wakaanza upya, na ilikuwa kama mtu amefuta kioo. Toka siku hiyo nikiona kodiani, fluti ya mbao au kinanda cha mdomo kwenye kundi, naanza na huyo. Asiyeweza kujirekebisha ndiye anafuatwa.

Jumamosi mchana niliharibu na mpaka leo inaniuma. Nilitenga kibanda kidogo cha kuhifadhia vyombo, kina kufuli, nikaona safi kabisa, sikuwaza kwamba paa ni bati na jua linakipiga kuanzia saa tano. Gitaa la nyuzi za chuma linavutwa na nguvu inayozidi kilo 70, muda wote, hata likiwa limelala kwenye kasha, na kinachoshikilia daraja la nyuzi pale kwenye kifua chake ni gundi, na gundi nyingi zikipata joto kali zinalainika. Saa nane dada mmoja akafungua kasha lake akaniita. Daraja lilikuwa limeinuka upande wa nyuma, unaweza kupitisha karatasi chini yake. Hakunifokea, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Bahati kulikuwa na fundi wa magitaa kati ya waliohudhuria, akalegeza nyuzi zote papo hapo ili lisiendelee kung'oka, akasema usijaribu kuligundisha na chochote leo, gundi mpya juu ya gundi ya zamani haishiki, linahitaji kung'olewa lote lisafishwe. Gharama nimebeba mimi, ilikuwa haki. Na vyombo vyote vikahamia ndani ya nyumba ya shamba, chumba chenye kuta nene za mawe, nikaweka na kile kipimo cha unyevu. Ukikaa kati ya asilimia 45 na 55 mbao zinafurahi. Ningefanya hivyo Alhamisi.

Halafu usiku wa Jumamosi, ambao ndio ulikuwa shughuli yenyewe, watu themanini, benchi zimepangwa nusu duara, wa kwanza amekaa na fidla yake, mvua ikaanza. Sio ya kutisha, mvua ya kawaida tu, lakini paa la ghala lilishabadilishwa miaka ya nyuma likawekwa bati, na mvua kwenye bati sijui nikwambie nini, yule wa fidla alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote na mstari wa pili hausikii. Wenzangu wananiangalia. Najua yule mmoja alikuwa anawaza amplifaya zake, hakusema, namshukuru.

Mwenye shamba alikuwa amesimama mlangoni. Akanisogelea akaniambia sikioni, "Mwanangu, farasi walikuwa hawapendi kelele za mvua." Sikumuelewa. Akanivuta tukapita mlango wa pembeni mpaka kwenye zizi la zamani la farasi, lile tulilokuwa tunaweka baiskeli. Tulipoingia mvua ikazimika. Yaani ilikuwa inaendelea lakini huisikii, maana zizi lina dari fupi la mbao nene, juu ya dari kuna stoo imejaa nyasi kavu, ndipo bati linakuja. Ile nyasi ndiyo inameza kelele. Nikapiga kofi mara moja. Sauti ikarudi fupi, ya joto, kutoka kwenye kuta za mawe.

Tatizo pale wanaingia watu arobaini, na wao ni themanini. Tukaamua haraka: kila mwanamuziki atapiga mara mbili. Nusu ya watu wakae zizini wasikilize, nusu wabaki ghalani wanywe kitu cha moto, baada ya dakika arobaini wabadilishane. Nikawauliza wanamuziki mmoja mmoja kama wako tayari, hakuna aliyekataa. Tukabeba benchi kwenye mvua, tukatoa baiskeli, tukafagia. Mwanga ulikuwa taa mbili za betri zimewekwa sakafuni.

Mtu wa mwisho kabisa alikuwa mita nne kutoka kwa mwimbaji. Dada yule wa gitaa lililoharibika aliazimwa la nyuzi za nailoni, na nailoni ni laini sana, ghalani isingefika mahali, lakini mle zizini alipiga kwa ncha za vidole tu na nikawa nasikia ngozi ya kidole inavyoteleza kwenye nyuzi nene anapobadilisha kodi. Kabla ya ubeti wa mwisho akanyamaza kidogo, akavuta pumzi, na watu arobaini tukaisikia.

Saa nne usiku tuliacha, hata waliotaka kuendelea kibarazani niliwazuia, maana mvua ilishakatika na Ijumaa jirani aliyekaa mbali kabisa alikuja kusema anasikia maneno ya nyimbo kitandani. Usiku hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu sauti inapinda inarudi ardhini, inasafiri mbali kuliko mchana, sikulifikiria hilo nilipokuwa napima saa sita mchana. Alikuwa muungwana, akaomba tu tuwe na saa ya mwisho, na Jumamosi tukamkaribisha awamu ya pili akaja na mkewe.

Jumapili tulifagia, tukarudisha matita ya nyasi yalipokuwa, na mwenye shamba akapita na tochi anakagua boriti moja moja. Hakukuta shimo. Kwenye nguzo ya katikati akasimama muda mrefu kidogo, akapangusa vumbi kwa kiganja, halafu akasema benchi mbili tuziache zizini, zisirudi.