Pini iliyogoma

Jumamosi, saa tano usiku. Umeme wa Nkuhungu, hapa Dodoma, umerudi, chumba kinanuka mota iliyoungua.

Wiki ya tatu sasa nahangaika na kidude kisichojaza kiganja: kishike kopo lenye vifaa vya kupimia ndani ya roketi, kisha kiliachie huko juu. Kopo nimelitengeneza kwa vipimo vya CanSat, setilaiti ya mfano yenye ukubwa wa kopo la soda, vya mashindano ya wanafunzi wa Ulaya: kipenyo milimita 66, urefu milimita 115, uzito usiozidi gramu 350. Roketi sina. Nina bomba la maji machafu la inchi 3 nililolifunga wima kwenye mguu wa meza. Jirani akinicheka namkumbusha kuwa setilaiti ya Uhuru iliruka Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini, hapo tu karibu na Malindi, Kenya. Anazidi kucheka.

Nilianza na uzi wa nailoni unaokatwa na waya wa moto, nikromu niliyoichomoa kwenye draya mbovu ya saluni. Ndani ulikatika vizuri. Uani upepo ukaupoza waya, uzi ukabaki unanitazama. Nikahamia kwenye pini.

Pini haina siri: springi inasukuma kopo, pini inalizuia, mota ya sevo, ile ndogo inayogeuka kwa pembe unayoiamuru, inaivuta, kopo linatoka. Lakini kopo likitoka kivivu litanasa kwenye kamba za parachuti, kwa hiyo nikaweka springi ya tandiko la baiskeli. Hapo sevo ikalia, ikatetemeka, ikanyamaza. Nikatia grisi, vumbi la Dodoma likaigeuza msasa.

Asubuhi nikampelekea fundi baiskeli, mzee aliyenipa springi ile. Sevo hakuitazama hata. Alichomoa pini kwa koleo, akapitisha ukucha kwenye tundu la alumini, akanishikisha na mimi. Kuna kishimo, upande mmoja tu, pale pini ilipolaliwa.

"Mjukuu wangu, umemkalia mtu kifuani halafu unamwambia inuka."

Na mimi nilikuwa natafuta sevo kubwa zaidi! Ningeongeza uzito na betri, na msuguano ungebaki palepale, maana springi yote ilikuwa inailalia pini.

Jibu nimelikuta stoo, kwenye mtego wa panya wa mama. Springi yake inavunja kidole, lakini imezuiwa na kijiwaya chembamba ambacho panya anakifyatua kwa kugusa chambo tu. Nimekaa nao sakafuni karibu saa nzima, dole gumba langu ni shahidi. Nikakata mkono wa chuma: kopo linausukuma milimita 10 kutoka kwenye mhimili, pini inauzuia kwenye ncha, milimita 60. Pini inabeba moja ya sita ya mzigo. Sevo ileile ndogo imeivuta, kopo likagonga bati, mama akauliza nani anarusha mawe.

Nikafunga mlango kwa furaha, pengine kwa nguvu mno. Mkono ukafyatuka wenyewe.

Kuondoka kwa roketi hakunitishi sana, maana hapo kopo linakandamizwa chini kwenye springi. Ni pale moto unapozima, hewa inaibana roketi na kuipunguza kasi, kopo linataka kuendelea mbele, na mzigo wote unarudi kwenye mkono huuhuu ulioshindwa na mlango. Kesho naanza na umbo la ile ncha. Mtego wa mama sijaurudisha.