Mguu, kiuno na "hapana": nilivyosoma uzamili wa utafiti nikiwa Tukuyu

Barua ya chuo ilisema shahada hii haina vipindi wala mitihani ya darasani. Ni tasnifu tu, na msimamizi. Nilifurahi kweli. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (wagonjwa wananiita daktari wa mazoezi, nimeshaacha kuwasahihisha), nina zamu, nina mtoto mdogo, na chuo chenyewe kiko nje ya nchi. Nikajiambia kwamba kitu kisicho na vipindi kitaingia tu kwenye nafasi zilizobaki. Sikujua kwamba darasa, pamoja na uchovu wake, lina mtu anayekuambia leo tunaanzia hapa na kesho tutafika pale. Kwenye uzamili wa utafiti huyo mtu ni wewe.

Fani ni sayansi ya mifupa, misuli na maungio. Mada yangu ya kwanza ilihusu maumivu ya mgongo kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Msimamizi alijibu kwa maneno mawili: wakulima gani? Nilikasirika siku nzima. Jioni nikafikiria mkulima wa viazi wa Uporoto, wa ndizi Kiwira, wa mpunga Kyela, wa chai Katumba. Mizigo yao haifanani, na hata namna wanavyoinama haifanani. Nikabaki na wanawake wanaochuma chai hapa wilayani kwetu, Rungwe, kwa sababu hao ndio walikuwa wakinijia kliniki kila wiki.

Wengi walikuja wameshika bahasha ya eksirei, na hukumu tayari: "Daktari, pingili zimesagika." Katika kusoma nikakutana na mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za MRI na CT za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski, zile gegedu zinazokaa kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu wazima wa afya, hawaumwi! Nilifunga kompyuta nikakaa. Ni wagonjwa wangapi niliowaambia mimi mwenyewe, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba mgongo wao umesagika, na wakarudi nyumbani wakiogopa hata kuinama kufunga kiatu?

Sehemu ya kusoma majarida sitaieleza sana. Kama taasisi yako imejiandikisha Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, majarida mengi yanafunguka bila malipo. Nilikuwa napakua usiku na kuyapanga kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ambayo nayo ni ya bure. Ukubwa wa sampuli nao ni hesabu inayoogopwa bure. Ukichukua uhakika wa asilimia 95, makosa ya asilimia 5, na ukadiri kwamba nusu ya watu wana tatizo, unapata watu 384. Nikaongeza asilimia 10 kwa watakaokataa au kuondoka katikati, ikawa 423.

Kibali cha maadili kilinichelewesha kwa kosa langu. Niliambatisha fomu ya ridhaa ya Kiingereza peke yake, kana kwamba mama wa pale Ushirika, Rungwe hapahapa, angeisoma na kuweka saini. Ikarudishwa, na walikuwa na haki. Baada ya kibali unaanza kushuka ngazi: barua ya mkoa, ya wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji hana mhuri mkubwa, ila asipokujua, milango yote imefungwa.

Sasa dodoso. Hapa ndipo niliposomea shahada yenyewe.

Nilitumia dodoso la Nordic la mwaka 1987, linalojulikana sana kwenye fani hii. Linagawa mwili sehemu tisa, kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu na nyayo, na kwa kila sehemu linauliza kuhusu maumivu ya miezi 12 iliyopita na siku 7 zilizopita. Kulitafsiri kuna taratibu zake. Watu wawili wanapeleka kwenye Kiswahili, tafsiri zao zinaoanishwa, wengine wawili ambao hawajaona dodoso la asili wanairudisha kwenye Kiingereza, kisha jopo linakaa kulinganisha, halafu unajaribu kwa watu 30 hadi 40. Nilifuata hatua zote, karatasi zikapendeza. Tulipofika Kyimo kwa majaribio, zikatushinda.

La kwanza lilikuwa mguu. Kwetu mguu unaanzia nyongani na kuishia kwenye vidole, na mkono unaanzia begani. Ukimwuliza mama kama miguu inauma anasema ndiyo, nawe huwezi kujua kama ni goti, kifundo au unyayo. La pili, "mgongo wa chini", maneno ambayo watafsiri wangu walikubaliana bila ubishi. Mama mmoja akaniuliza, "Kwani una migongo mingapi, mwanangu?" Wao husema kiuno. Lakini kiuno chao kinashuka hadi nyonga, ambayo kwenye dodoso ni sehemu nyingine. Zaidi ya hapo, ukitamka kiuno mbele ya bibi watatu walioketi pamoja, dakika tano zinaisha kwa kucheka, na kila mmoja ana lake la kusema kuhusu viuno.

Dodoso lina mchoro wa mtu aliyeonekana kwa nyuma. Bibi mmoja aliupokea, akaigeuza karatasi upande wa pili kutafuta uso. Hapo niliacha mchoro kwa msaidizi wa utafiti ajazie mwenyewe, na mhojiwa tukamwomba kitu kimoja: weka kiganja chako panapouma. Hakuna aliyekosea. Miezi 12 nayo tuliihesabu kwa sikukuu, tangu Pasaka ya mwaka jana.

Nilidhani tumemaliza. Kulikuwa na swali moja ambalo kila mtu alilijibu haraka, bila kucheka wala kuuliza maana. Swali linataka kujua kama katika miezi 12 maumivu yamewahi kukuzuia kufanya kazi zako za kawaida. Hapana. Hapana. Hapana. Wanawake ambao mwezi uliopita niliwaona kliniki wakishindwa kuinuka kwenye benchi, hapana. Nikaandika kwenye ripoti ya majaribio kwamba swali limeeleweka vizuri.

Aliyenifumbua macho ni mama niliyemfahamu kama mgonjwa wangu. Nikamkumbusha, kwa upole kidogo, "Lakini mama, mwezi wa nne si uliletwa na pikipiki huwezi kusimama?" Akanitazama kama ninayeuliza mambo ya kitoto. "Nilizuiwa na nani? Nisipochuma mimi, nani atachuma?" Kisha akaeleza. Kwa wiki mbili binti yake aliacha shule kwenda shambani. Yeye alichuma mistari ya karibu na barabara tu, ya bondeni majani yakakomaa yakaharibika. Kikapu alikuwa anakijaza nusu, na kituo cha kupimia alikwenda mara mbili badala ya moja. Kazi ilifanyika, kwa hiyo jibu ni hapana.

Nikamwandikia msimamizi nikitaka kulibadilisha swali. Alikataa, na leo namshukuru. Ukibadilisha swali la chombo ambacho wengine wametumia, huwezi tena kulinganisha matokeo yako na yao. Akanishauri niliache lilivyo, halafu chini yake niweke langu. Nilihangaika na maneno ya swali langu kwa wiki kadhaa, nikiyajaribu kwa wagonjwa, kwa mama mkwe, kwa konda wa basi la Mbeya. Likawa hivi: "Siku ulizoumwa, kazi yako ilifanywaje?" Jibu linaandikwa kama lilivyosemwa.

Mengine ya uwandani yalikuwa matope. Rungwe mvua haina haya, na chai huchipua zaidi wakati wa mvua, kwa hiyo wahojiwa wako shambani wakati barabara hazipitiki. Programu ya Kobo, ya kujazia majibu kwenye simu, ilitusaidia kwa kuwa haihitaji mtandao mpaka siku ya kutuma. Mwanzoni tuliwahoji kituoni, chini ya bati, wakisubiri gari la majani. Majibu yakawa mafupi mno, kwa sababu hakuna anayetaka kutangaza kiuno chake mbele ya foleni nzima. Tukahamia majumbani jioni. Hapo msaidizi wangu, aliyeolewa kijijini humohumo, akaniambia kuna nyumba asizoweza kuingia, maana ni za upande wa baba mkwe, na kwa Wanyakyusa mkwe wa kike hakutani naye hovyo. Hakuna kitabu cha mbinu za utafiti kilichonionya juu ya hilo. Nyumba hizo nikaziingia mimi.

Kuandika kulichukua muda mrefu kuliko yote, na hakuna cha kusimulia. Umeme unakatika, unaandika kwenye daftari, unarudi, msimamizi anafuta nusu. Mama mkwe alimchukua mtoto Kyela kwa miezi miwili, nikalala saa chache na kujifunza R, programu ya takwimu, kwa makosa. Kama una mtu wa kumchukua mtoto, mwombe mapema, usisubiri uchoke kama mimi.

Siku ya kutetea tasnifu nilikwenda Mbeya, kilomita kama 70, nikapanga chumba cha gesti Soko Matola kwa sababu ya mtandao. Nilijiandaa kuulizwa takwimu. Mtahini wa nje akaenda moja kwa moja kwenye yale maswali mawili: kwa nini umeuliza jambo lilelile mara mbili? Nikamsimulia habari za kikapu nusu na binti aliyeacha shule wiki mbili. Akaomba nimsomee jibu la yule mama kwa Kiswahili chake kwanza, kabla ya tafsiri. Nikasoma. Akaniambia niendelee.

Nimepita, kwa masahihisho madogo. Kadi za kliniki yangu sasa zina mstari wa ziada, niliouchapisha mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisini: kazi yako ilifanywaje? Nesi wa zamu aliuliza kama mkuu ameuidhinisha. Bado sijamwuliza.