Tairi nene: hoja iko kwenye upepo

Ubishi kuhusu baiskeli za matairi manene huanzia mahali pabaya. Mmoja anasema ni nzito, mwenzake anajibu kwamba inapita popote, na wote wawili wanautazama upana wa tairi. Upana peke yake hausaidii sana. Lijaze tairi la inchi 4 hadi PSI 25 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) uingie nalo kwenye mchanga mkavu, na utashuka usukume kama mwenye tairi la inchi 2. Faida ya upana ni kwamba unaweza kupunguza upepo hadi kiwango ambacho tairi jembamba lingebonyea kabisa na rimu ikagonga jiwe.

Tupige hesabu. Mpandaji na baiskeli yake wana kilo 90, na kilo 55 hivi zinaangukia gurudumu la nyuma. Kwa PSI 30, sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kama sentimita 26 za mraba, yaani zaidi ya uso wa kiberiti. Kwa PSI 6 inafika 130: kiganja kizima pamoja na vidole. Uzito ni uleule, ila umetandazwa mara tano zaidi. (Ugumu wa kuta za tairi unabeba sehemu ndogo ya mzigo, kwa hiyo namba halisi huwa chini kidogo.) Tairi la inchi 2.3 haliwezi kuacha alama ya ukubwa huo bila kubonyea hadi chuma.

Ndiyo maana anayenunua baiskeli hii bila geji ya kupimia upepo amenunua nusu ya chombo. Na isiwe geji ya pampu ya kawaida inayosoma hadi PSI 160, maana chini ya 15 mshale wake haujui unasema nini. Tafuta inayoishia 15 au 30. Viwango vyangu vya kuanzia, kwa mpandaji wa kilo 75 hivi na tairi la inchi 4: mchanga mkavu 5 hadi 7, theluji laini 4 hadi 6, njia ya mawe na mizizi 9 hadi 12, lami 15 hadi 18. Gurudumu la mbele lipunguze PSI 1 chini ya la nyuma. Ukifika kwenye mchanga, toa upepo kidogo kidogo, panda mita 50, kisha rudi utazame alama. Ikiwa tairi limechimba mfereji wenye kingo, bado kuna upepo mwingi. Ukiona alama pana na ya kina kidogo, acha hapo.

Kwenye baridi kuna mtego. Ukijaza PSI 8 ndani ya nyumba yenye nyuzi joto 20, kisha ukatoka nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, geji itasoma chini kidogo ya 6 bila pancha yoyote. Kwenye baiskeli ya mbio tofauti ya PSI 2 hivi si kitu. Hapa ni zaidi ya robo ya upepo wote. Pima nje, tairi likishapoa.

Upepo ukipungua kupita kiasi, makosa yanajitokeza kwa mpangilio unaotabirika. Kwanza usukani unakuwa mzito na baiskeli inataka kujipindia yenyewe kwenye kona, hasa juu ya lami. Pili, kama kuna tyubu ndani, tairi linaanza kuteleza juu ya rimu kila unapokanyaga kwa nguvu au kufunga breki, na linaivuta tyubu. Utaiona valvu imeinama badala ya kusimama wima. Usiifunge kwa nati ukadhani umemaliza: toa upepo wote, zungusha tairi na tyubu mpaka valvu inyooke, kisha ongeza PSI 1 au 2 juu ya ulichokuwa nacho. Ukipuuza, tyubu itachanika kwenye shina la valvu, na hapo hakuna kiraka kinachoshika. Upepo ukizidi, tatizo ni la kinyume: tairi linadunda kama mpira. Lina hewa nyingi lakini halina kitu cha kutuliza mdundo, kwa hiyo wanaosema tairi nene ni sawa na springi na shokomzoba wana haki kwenye springi tu.

Sasa mbadala wake. Kwenye udongo mgumu, changarawe na lami, baiskeli nyingine zinashinda, na sioni haja ya kuzunguka. Tairi moja la inchi 4 lina gramu 1,200 hadi 1,700, na tyubu yake inaweza kuongeza 400 au zaidi. La baiskeli ya milimani la inchi 2.3 mara nyingi huwa chini ya kilo moja. Uzito huo uko ukingoni mwa gurudumu, kwa hiyo unausikia kila unapotoka taa nyekundu au kupanda kilima kwa kusitasita. Kwa njia zenye mawe yaliyolegea, tairi la inchi 2.8 hadi 3 linakupa sehemu kubwa ya mshiko bila adhabu yote hiyo. Kama mchanga unakutana nao mita 200 tu katika safari ya kilomita 30, shuka usukume.

Mahali ambapo watu wengi hudanganyika ni kwenye tope. Tairi jembamba hukata tope likagusa ardhi ngumu iliyo chini; nene huelea juu na kuteleza, kisha linazoa udongo mpaka nafasi kati yake na fremu inajaa. Barafu tupu nayo haijali upana. Inataka tairi lenye vijino vya chuma. Mchanga uliolowa karibu na maji, kwa upande mwingine, mara nyingi umeshikana kiasi kwamba hata tairi la inchi 2.4 linapita. Uwanja halisi wa tairi nene ni mchanga mkavu na theluji iliyokanyagwa kidogo, na ndiko lilikozaliwa. Waendeshaji wa Alaska, Marekani, walikuwa wakitumia rimu za SnowCat zenye upana wa milimita 44, na mwaka 2005 kampuni ya Surly ikatoa baiskeli ya Pugsley yenye rimu za milimita 65 na tairi la inchi 3.7.

Magoti yanastahili neno lao. Ili cheni ipite pembeni ya tairi pana hivyo, ekseli ya pedeli inarefushwa. Kwenye baiskeli ya barabarani umbali kati ya nyuso za nje za mikono ya pedeli ni karibu milimita 150. Hapa huwa 200 na kuendelea. Wengine hawahisi lolote. Wenye nyonga nyembamba huanza kulalamikia magoti baada ya saa mbili, na hakuna urekebishaji wa kiti unaoondoa hilo. Panda ya kuazima kwa muda mrefu kabla ya kulipa.

Pancha mbali na nyumbani ina hesabu yake pia. Ndani ya tairi la inchi 4 mna nafasi ya lita 14 hivi. Kichupa cha gesi cha gramu 16, ambacho kinalijaza tairi la baiskeli ya mbio mara moja, hapa hakitoshi hata kuivimbisha tyubu iliyonywea. Vitatu ndivyo vinavyofika PSI kumi na kitu. Pampu ndogo inayotoa mililita 60 kwa msukumo itakudai misukumo 350 kufika PSI 7 hivi, kama haivuji. Kutotumia tyubu kunapunguza uzito na pancha za miiba: weka mililita 120 hadi 150 za maji ya kuziba, uyaongeze yakianza kukauka. Hata hivyo beba tyubu moja ya akiba. Ya inchi 26 kwa 2.75 inavutika ikaingia na inakaa kidogo mfukoni, ila imetanuka kuliko ilivyokusudiwa, kwa hiyo ni ya kukufikisha tu.

Kwa mwenye nafasi ya baiskeli moja pekee, ningependelea fremu ya tairi nene yenye seti mbili za magurudumu. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi la inchi 4 lina kipenyo cha nje karibu sawa na la inchi 29 lenye tairi la 2.3, kwa hiyo kimo cha pedeli kinabaki palepale. Habu (vitovu vya magurudumu) za seti ya pili lazima ziwe za upana uleule wa fremu, kwa kawaida milimita 150 mbele na 197 nyuma. Weka vishimu (vipete vya chuma) vyembamba nyuma ya diski ya breki hadi diski za seti zote mbili zikae mahali pamoja, la sivyo utakuwa unalegeza na kukaza kalipa, ile inayoibana diski, kila ukibadilisha magurudumu.