Nusu ya Sala

Jumatano ya Majivu mwaka ule nilitoka misa ya mchana katika Basilika ya Familia Takatifu, nikakata mitaa mbiombio hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso. Mhadhiri wetu wa ushairi alikuwa ameichagua siku hiyo makusudi. Tulikuwa tunasoma shairi la T. S. Eliot, mshairi aliyeandika kwa Kiingereza, la mwaka 1930, Ash Wednesday, lenye jina la siku yenyewe.

Eliot alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana mwaka 1927, miaka mitano baada ya shairi lake The Waste Land kumpa jina. Mhadhiri aligusia hayo tu, akaingia kwenye hoja yake: washairi wa usasa, kina Eliot wa mwanzo wa karne ya ishirini, waliikuta dini imevunjika vipande, wakaviokota na kuvipanga upya ili kuonyesha ufa wa zama zao. Nilimheshimu sana mwalimu yule, lakini neno hilo la vipande lilinikera.

Tukafika sehemu ya pili. Chui watatu weupe wameketi chini ya mti wa mretemu, wameshiba miguu, moyo na ini la msemaji. Mungu anauliza kama mifupa iliyobaki itaishi. Wenzangu walifunua maelezo nyuma ya kitabu. Mimi niliyajua tangu utotoni, kwenye jumuiya ndogondogo nilikokwenda na nyanya: mretemu ni ule ambao nabii Eliya aliketi chini yake akaomba afe, na mifupa ni ile ya bonde alilooneshwa nabii Ezekieli. Kwangu havikuwa vipande. Vilikuwa watu ninaowafahamu.

Kisha sehemu ya tatu, ya ngazi. Msemaji anapanda, anapinda, anapanda tena, na mwishoni kabisa anasema, mara mbili, Bwana, sistahili. Kisha, lakini sema neno tu. Midomo yangu ilimalizia yenyewe, kwa sauti, darasa zima likasikia: “Na roho yangu itapona.” Nikatazama ukurasa. Maneno hayo hayamo. Eliot amekata sala ya komunyo pale pale kabla ya kupona.

Nikanyosha mkono, nikasema huyu hachezei alama za dini. Anasali, na amefika pale tu alipofika. Hawezi kutamka uponyaji ambao bado hajaupata.

Mwenzangu mmoja wa Lamu hakukubali. “Dada, sala gani hiyo ya kukatwa?” akauliza. Akatukumbusha Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaanza kwa Bismillahi, halafu ndipo anapouonyesha moyo wake magofu ya mji wa Pate, madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. “Mji umeanguka, lakini dua haikuanguka. Huyu Mzungu wenu yuko peke yake, hana hata wa kumwitikia amina.”

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na sikuwa na jibu. Hadi leo naamini hakuna aliyesoma Eliot vizuri zaidi darasani mle kuliko kijana yule aliyemsoma kupitia Inkishafi.

Usiku, chumbani hosteli, nilirudia mstari wa mwisho wa shairi: na kilio changu kikufikie. Ni Zaburi ya 102, aya ya kwanza, na hapa pia kuna nusu iliyoachwa, ile ya “Ee Bwana, usikie kuomba kwangu.” Nilidhani nimepata ushahidi wa pili wa hoja yangu. Kisha nikakumbuka jinsi aya hiyo inavyosaliwa katika liturujia ya zamani: padri hutamka nusu ya kwanza, na waumini wote huitikia ya pili. Eliot anafunga shairi kwa nusu ya waumini. Asubuhi nilimtafuta yule wa Lamu kwenye foleni ya chai, nikamwambia kuwa ameuliza nani wa kuitikia, na kwamba mwitikiaji ni mshairi mwenyewe.

“Basi na padri wake ni nani?” akauliza, akasogeza trei yake nikae.