Wiki Sita Kabla ya Kuiwasha Risiva ya Babu

Babu yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na katika vitu vyote alivyorudi navyo nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hakuna alichokitunza kama risiva yake ya Pioneer SX-780, yaani redio na kikuza sauti katika kasha moja, aliyoinunua Dubai mwaka 1979. Uso wake ni wa alumini, nguvu yake ni wati 45 kila upande, na ina vipimo viwili ambavyo mishale yake ilikuwa ikiruka kwa kufuata taarabu huku sisi watoto tumekatazwa kuisogelea. Siku moja ilitoa harufu ya kuungua, ikazimwa haraka, na babu alifariki kabla haijatengenezwa. Bibi akaifunika kwa kanga, akaiweka juu ya kabati, na huko ilikaa miaka 18 hadi aliponiita na kuniambia, "Mjukuu wangu, kichukue kitu cha babu yako, maana wewe ndiye mwenye mkono wa ufundi."

Kila aliyekuwepo sebuleni alitaka tuichomeke kwenye umeme tuone kama itasema. Nilikataa, na namsihi kila aliyerithi chombo cha aina hii akatae vilevile. Risiva za miaka hiyo zimejaa kapasita, yaani vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme, zenye majimaji ndani yake, ambayo hukauka polepole kwa kupenya kwenye mpira wa kuzibia, hasa mahali penye joto kama pwani yetu. Zaidi ya hapo, kapasita iliyolala muda mrefu hudhoofika utando wake mwembamba wa oksidi, ule unaozuia umeme usipite ovyo; ukiipa volti zake zote kwa mkupuo inaweza kupata moto na kupasuka, na hali ikiwa mbaya zaidi huondoka na transfoma, kipuri ambacho leo ni vigumu mno kukipata.

Nilipofungua mfuniko nilikuta vumbi, mayai ya mjusi, na jambo lililonisikitisha: mahali pa fyuzi moja palikuwa pamefungwa waya wa shaba. Fundi aliyefanya hivyo hakuna amkumbukaye, nami sina haja ya kumtafuta. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini na vipuri vilipatikana kwa shida, kwa hiyo mafundi wengi walijifunza kuendesha mitambo kwa kile walichokuwa nacho mkononi. Lakini fyuzi inayokatika mara kwa mara inakueleza kwamba kuna ugonjwa ndani, na waya ule uliifunga mdomo.

Nilipiga picha kila bodi kabla ya kugusa chochote. Kapasita kubwa mbili za kuchujia umeme niliziondolea chaji kwa rezista, kipuri kinachozuia umeme usipite kwa kasi, wala si kwa kuzigusisha bisibisi kama nilivyoona wengi wakifanya, kwa sababu cheche ile huharibu kapasita na humtisha anayeishika bisibisi. Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kukwangua gundi ya kiwandani iliyotumika kushikilia vipuri: ikiwa mpya huwa ya manjano, lakini ikizeeka hugeuka kahawia, huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri vilivyo karibu. Jioni nne nzima nilikaa na kijiti cha mwanzi na spiriti, sentimita moja baada ya nyingine.

Kapasita 34 nilizibadilisha, nikichagua za ukubwa uleule, zenye volti sawa au zaidi, na za kustahimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi badala ya 85. Vipuri nilivinunua Kariakoo, na kila kimoja nilikipima kwa mita kabla ya kukilehemu. Nilishauriwa nibadilishe pia STK-0050, yaani vipande vinavyobeba sehemu ya nguvu ya kila upande, lakini nakala bandia za vipuri hivyo zimezagaa, na vya babu vilipopimwa vilikuwa vizima. Nikavisafisha, nikavipaka mafuta mapya ya kupitishia joto, nikavirudisha mahali pake. Naamini kipuri halisi cha zamani kilicho kizima ni bora kuliko kipya usichokijua asili yake.

Katika kusafisha uso niliona, kando ya kizungusho cha sauti, nukta nyekundu ndogo kama ya rangi ya kucha. Spiriti ilikuwa mkononi na ingetoka mara moja. Sikujua ni ya nani, nikaiacha.

Kisha niliiunganisha risiva na balbu ya wati 60 ya aina ya zamani, ikiwa mfululizo kwenye njia ya umeme, yaani umeme wa risiva upite kwanza kwenye balbu. Chombo kikiwa salama, balbu humulika mara moja kisha hufifia. Kikiwa na shoti, hubaki ikiwaka kwa nguvu. Yangu ilibaki ikiwaka. Nilizima, nikapima sehemu ya kugeuza umeme, na nikakuta dayodi moja, kipuri cha kupitisha umeme upande mmoja tu, imepiga shoti. Huo ndio ugonjwa ambao fyuzi ilikuwa ikiusema siku zote. Baada ya kuibadilisha, balbu ilififia. Nilipopima umeme wa moja kwa moja unaovujia kwenye vituo vya spika nilipata milivolti 18 upande mmoja na 23 upande wa pili, kiasi kisicho na madhara kwa spika.

Jioni ya Jumamosi, wiki sita tangu kuishusha kabatini, niliipeleka kwa Bibi, nikaunganisha spika na kubonyeza swichi. Kwa sekunde chache ilikaa kimya, kisha ikasikika ile "tak" ya rilei, swichi inayojiwasha yenyewe na kuruhusu sauti kwenda kwenye spika. Bibi alinyanyua kichwa kabla muziki haujaanza. Babu alipoinunua, Redio Tanzania ilisikika katika masafa ya kati na mafupi, na upande wa FM ulibaki karibu mtupu mpaka vituo binafsi vilipoanza katikati ya miaka ya 1990. Sasa nilipozungusha sindano nilipata stesheni moja baada ya nyingine, safi, pande zote mbili.

Nikaongeza sauti. Bibi akanyoosha kidole.

"Irudishe kwenye alama yangu. Niliiweka mwenyewe, nyinyi mkilala tulikuwa hatuvuki hapo."

Nikairudisha kwenye nukta nyekundu, tukasikiliza hapo hadi adhana ya isha.