Siku moja na madaftari ya nyumbani, Nakivale

Saa 11:30 alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha na wingu bado limetanda juu ya ziwa. Maana yake sola ya shule haitashika chaji ya kutosha, na tableti za mchana huenda zikazima mapema. Naweka uji jikoni, napanga chaki, nabadilisha mpango wa mchana kichwani kabla maji hayajachemka.

Mimi ni msaidizi wa darasa katika shule ya msingi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kule Kivu Kusini, Kongo, nilikuwa mwalimu kamili. Hapa vyeti vyangu vya Kifaransa bado vinasubiri kutafsiriwa na kulinganishwa na vya Uganda, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Nawasaidia P6, yaani darasa la sita, hesabu na sayansi. Shule yetu inakwenda kwa zamu mbili kwa sababu vyumba havitoshi: sisi asubuhi, wengine mchana. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anasoma nusu siku darasani na nusu iliyobaki nyumbani. Wataalamu wanaita masomo mseto na wanayaandalia semina. Kwetu yaliletwa na uhaba wa vyumba.

Saa 1:15 asubuhi

Kikapu cha madaftari ya nyumbani kiko mlangoni. Kila mtoto ana daftari mbili, moja ya darasani na moja ya nyumbani, na hii ya nyumbani ndiyo ninayoisoma kwanza. Darasa lina watoto zaidi ya mia, sidanganyi mtu kwamba nasahihisha zote. Nachukua safu moja ya madawati kila asubuhi na watoto hawajui ni ipi. Naandika neno moja au mawili, lakini yanayohusu kazi yenyewe: "Umesahau vipimo," "Hapa umenifurahisha, nionyeshe ulivyofanya." Alama ya vyema peke yake haimwambii mtoto kitu.

Hili ndilo ningempa mwalimu yeyote anayeanza: kazi ya nyumbani ambayo hakuna anayeisoma hufa mapema sana. Mtoto anapima. Akiona daftari imerudi kama ilivyokwenda, kesho anakuletea ukurasa mtupu, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Saa 2:00 hadi saa 4:30

Jana kazi ilikuwa hii: nenda bombani na jerikeni ya lita 20, hesabu sekunde mpaka ijae, kisha tafuta lita kwa dakika. Swali liko kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, lakini maelezo nimeyatoa kwa Kiswahili, na mwalimu wa darasa akaongeza Kinyankole kwa watoto wa wenyeji. Saa hazipo nyumbani, basi tulifanya mazoezi ya kuhesabu kwa sauti, bila haraka, kama mapigo ya ngoma ya kanisani.

Binti wa fundi cherehani anasimama: sekunde 100. Anagawa, anazidisha, anafika lita 12 kwa dakika. Mvulana anayechota bomba lilelile ananyanyua mkono: "Madam, amekosea. Mimi nimepata sekunde 240." Lita 5 kwa dakika. Darasa linalipuka. Nusu wako upande wa binti, nusu upande wa mvulana, na mimi nakaa kimya.

Ni mtoto mdogo wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hata jina lake ni vigumu kulitoa mdomoni, anayeuliza: "Mlienda saa ngapi?" Binti alikwenda asubuhi kabla ya shule. Mvulana alikwenda saa kumi jioni, watu wamejaa, tangi limeshuka, maji yanatoka kama uzi. Wote wawili wamepata. Tukachora jedwali ubaoni, asubuhi na jioni, na watoto wa vijiji vingine wakaleta namba zao. Kipindi kiliisha bila mtu kuuliza kama muda umefika.

Napenda kazi za aina hii kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto atakwenda bombani apende asipende, kwa hiyo masomo hayagombani na kazi za nyumbani. Pili, hainakiliki. Leo wavulana wawili wameleta sekunde 172 kila mmoja, na mmoja anakaa Juru, mwenzake Base Camp, sehemu mbili tofauti za makazi. Niliwatazama tu. Wakacheka wenyewe.

Saa 5:00

Koma. Mtoto aliyeingia kutoka Kongo juzijuzi ameandika 1,500 na amesoma "moja na nusu". Kwa mfumo wa Kifaransa yuko sahihi kabisa: koma ndiyo inayotenga desimali. Hapa Uganda desimali ni nukta, na koma hutenga maelfu, kwa hiyo mwalimu anayesahihisha ataona elfu moja na mia tano na kuweka kosa. Mtoto wa namna hii akipelekwa nyumbani na kazi bila kuambiwa, atakosea jioni nzima huku akiamini amepata, na baba yake aliyesoma kulekule atamthibitishia. Nikamwita yeye na wenzake wanne, tukaandika namba zilezile kwa mitindo miwili upande kwa upande, na wakabandika karatasi hiyo ndani ya jalada la daftari ya nyumbani. Baba naye aione.

Saa 6:30 mchana

Kengele. Zamu ya mchana inaingia mlango mmoja, yetu inatoka mwingine. Waliopangiwa leo wanabaki na tableti kwenye chumba cha vitabu. Kuna kikompyuta kidogo kinachorusha Wi-Fi ya humo ndani tu, bila intaneti, na ndani yake imo Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality la Marekani iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Hakuna MB za kununua. Upande wa mwalimu inanionyesha nani amefanya zoezi gani na swali lipi limewaangusha wengi.

Ni kitu kizuri, na nitasema pia udhaifu wake. Mtoto asiyeelewa Kiingereza anabonyeza majibu yote mpaka moja likubali, halafu ananiambia amemaliza. Kwa hiyo hapa tableti haishikwi bila daftari pembeni: wanakaa wawiliwawili, mmoja anabonyeza, mwenzake anaandika njia, kisha wanabadilishana. Leo chaji imekata mapema kama nilivyohofia. Waliokuwa na njia kwenye daftari waliendelea.

Saa 9:00 alasiri

Natembelea nyumba. Mwalimu wa darasa alinicheka mwanzoni, akasema nimekuwa mhubiri.

Kila mzazi hapa anakumbuka shule zilipofungwa Machi 2020 na kutofunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Masomo yalipita redioni, na kituo cha mitaala cha taifa, NCDC, kikatoa vijitabu vya kujisomea. Aliyekuwa na redio, betri na mtu wa kumwelekeza alisogea. Wengine walikwenda lejaleja, yaani vibarua, mashambani, na baadhi ya wasichana walirudi shuleni wakiwa na watoto mgongoni au hawakurudi kabisa. Kwa hiyo nikisema "kusomea nyumbani" baadhi ya nyuso hufunga. Nawaelewa.

Baba mmoja ananikaribisha kwa kiti cha pekee kilichopo. "Mwalimu, sitaki kukukosea heshima. Lakini akishika daftari naona anakwepa kazi." Nikamweleza habari ya jerikeni. Akamwita mtoto, akamwambia aonyeshe. Mtoto akasoma namba zake, baba akauliza kwa nini jioni maji ni kidogo, na mtoto akamweleza juu ya tangi. Mzee akatikisa kichwa: "Basi tuwe tunachota asubuhi."

Nyumba ya pili ni ya bibi anayelea wajukuu. Anaona aibu kwamba hajui kusoma. Nikamwambia, bibi, sikuombi umfundishe hesabu. Mwambie akusomee alichoandika, halafu muulize, "Umejuaje?" Akishindwa kujibu, aweke alama pale, aje nayo kwangu. Bibi akalijaribu papo hapo kwa mjukuu. Mjukuu akajikuna kichwa, akarudi kuhesabu vidole, akagundua kosa lake mwenyewe. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Nyumba ya tatu haikuwa na mtu.

Saa 1:00 jioni

Posho, yaani ugali, na maharage. Halafu simu: ujumbe wa sauti kwa wazazi wa kundi la WhatsApp, dakika moja tu, kwa Kiswahili, nikieleza kazi ya kesho ni nini na mtoto anahitaji nini. Sauti, si maandishi, kwa sababu ya akina bibi kama yule. Wasio na simu janja wanaisikia kwa jirani.

Mwalimu wa darasa amenipigia. Anataka wiki ijayo kazi za nyumbani ziwe maswali ya mitihani iliyopita, maana mwakani hawa ni P7. Tumebishana kidogo. Ana hoja: mtihani hauulizi bombani kwako kuna nini. Tumekubaliana siku mbili ziwe zake, na kila swali la mtihani mtoto aandike chini yake lile la kwetu linalofanana nalo.

Swali la kesho nimeshaliandika: nyumbani kwenu mnatumia jerikeni ngapi kwa siku, na kwa bomba la saa kumi jioni, kuzijaza zote kutachukua dakika ngapi? Chini yake nimeacha mstari mtupu wa mzazi kuweka saini, au alama ya kidole.